Waliokuja Kutazama

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya picha ambayo siwezi kukuonyesha, maana redio haina kioo. Lakini ni picha iliyojaa watu, na watu husimulika.

Ni picha ya rangi ya mafuta, iliyochorwa kwenye turubai lenye upana wa mita 7 na kimo kinachopita mita 3. Ukuta mzima, kwa ufupi. Inaitwa Mienge ya Nero. Aliyeichora ni Henryk Siemiradzki, Mpoland, aliyeimalizia mjini Rome mwaka 1876. Leo iko Kraków, kusini mwa Poland, ndani ya Sukiennice, jengo la kale lililo katikati ya uwanja mkuu wa mji. Chini wafanyabiashara wanauza bidhaa zao, juu ndiko kulikowekwa picha.

Tuanzie kushoto, kwa sababu nadhani mchoraji mwenyewe alitaka tuanzie huko. Kuna jumba la marumaru lenye ngazi pana, na kila mahali panapokalika pamekaliwa. Watu wamejazana tangu juu ya ngazi hadi chini. Wamo wazee wa baraza waliovaa nguo zao za heshima, wamo wanawake waliojipamba kwa maua na vito, wamo wapiga ala, wamo walioegemeana kwa ulevi. Katikati ya umati huo, kwenye machela ya fahari iliyobebwa mabegani, amekaa kaisari Nero. Usipoambiwa, unaweza kudhani hii ni harusi ya wakubwa. Jicho linatua juu ya dhahabu, linahamia kwenye hariri, linapita kwenye marumaru inayong'aa, na linaweza kuzurura huko muda mrefu kabla ya kufika kulia.

Kulia imesimamishwa safu ya milingoti mirefu, nayo imezungushiwa mashada ya maua. Juu ya kila mlingoti kuna mtu. Amefungwa kwa kamba na kuviringishwa majani makavu tangu miguuni hadi kifuani, kichwa tu kimeachwa nje. Chini yao watumwa wana vijinga vya moto mikononi, na kazi ya kuwasha ndiyo kwanza inaanza. Siemiradzki hakuchora mwili unaoungua. Amechora ule muda mfupi kabla ya majani kushika moto, muda ambao bado mtu mmoja miongoni mwa mamia yale angeweza kusimama na kusema basi. Hakuna anayesimama.

Kisa chenyewe tunakipata kwa Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi. Usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Julai mwaka 64, moto ulizuka katika maduka yaliyokuwa kando ya Circus Maximus, uwanja wa mashindano ya magari ya farasi. Ukawaka siku 6, ukatulia, ukazuka tena upande mwingine. Rome ilikuwa na mitaa mikuu 14. Mitatu iliteketea hadi chini, 7 ikabaki kuta nyeusi na vifusi, na 4 tu ikasalimika. Nero hakuwemo mjini moto ulipoanza, alikuwa Antium, pwani. Alirudi, akawafungulia waliopoteza nyumba bustani zake, akashusha bei ya nafaka. Hayo nayo Tacitus anayasema, na ni haki yasemwe.

Lakini maneno yalikuwa yameshaenea kwamba mji ulipokuwa ukiungua, kaisari alikuwa akiimba juu ya kuanguka kwa Troy. Kisha, juu ya ardhi iliyosafishwa na moto, akaanza kujijengea jumba kubwa kupita kiasi, lile lililokuja kuitwa Nyumba ya Dhahabu. Hapo uvumi hauzimwi kwa sadaka wala kwa nafaka ya bei nafuu. Alihitajika mtu wa kubebeshwa lawama, na Nero akawapata Wakristo, kundi dogo, geni, la watu wasiopendwa, waliokutana faraghani na kukataa ibada za mji. Wakakamatwa. Wengine walivishwa ngozi za wanyama wakararuliwa na mbwa, wengine wakasulubiwa, na wengine, mchana ulipokwisha, wakachomwa ili wawe taa za usiku. Nero alitoa bustani zake kwa tamasha hilo, naye mwenyewe akavaa kama mwendesha gari la farasi akachanganyika na watu.

Tacitus hakuwa rafiki wa Wakristo hata kidogo. Aliandika kiasi cha miaka 50 baada ya tukio, na imani yao aliiona kuwa ushirikina wenye madhara. Hata hivyo anaongeza jambo moja ambalo mimi nalishika kwa mikono miwili. Anasema watu walianza kuwahurumia wale waliouawa, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba hawakuangamizwa kwa faida ya umma, bali kwa kuridhisha ukatili wa mtu mmoja. Wapo wanahistoria wa leo wanaotilia shaka kisa hiki, kwa hoja kwamba Tacitus ndiye pekee kati ya waandishi wa zama zile anayeunganisha moto wa Rome na mateso ya Wakristo. Suetonius, mmoja wa waandishi hao, anataja kwamba waliadhibiwa, lakini hahusishi adhabu hiyo na moto. Mjadala huo waachiwe wenyewe. Siemiradzki alimsoma Tacitus, na huyo ndiye aliyemchora.

Alikuwa nani basi? Alizaliwa mwaka 1843 karibu na Kharkiv, katika Ukraine ya leo, kwenye familia ya Kipoland. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Urusi. Kijana alisomea kwanza sayansi ya maumbile katika chuo kikuu cha Kharkiv, ndipo akaenda kujifunza uchoraji katika Chuo cha Sanaa cha St Petersburg, na mwaka 1872 akahamia Rome. Ninavyomwona mimi, mafunzo yale ya sayansi hayakupotea. Anachora jiwe kama mtu anayejua linapasukaje, na kitambaa kama mtu aliyewahi kukishika na kukipima uzito wake.

Wakati huo Poland haikuwemo kwenye ramani ya dunia. Tangu mwaka 1795 ilikuwa imegawanywa, kipande kwa Urusi, kipande kwa Prussia, kipande kwa Austria. Maasi ya mwaka 1863 dhidi ya Urusi yalizimwa kwa kunyonga watu na kuwapeleka wengine Siberia. Na mateso ya kidini hayakuwa hadithi ya kale kwao. Januari 1874, katika kijiji cha Pratulin, wakulima wa Kanisa Katoliki la madhehebu ya Mashariki walilizunguka kanisa lao kulizuia lisikabidhiwe kwa Waorthodoksi kwa amri ya serikali. Askari wa Urusi wakawafyatulia risasi, na watu 13 wakafa. Ilikuwa miaka 2 tu kabla ya picha hii kukamilika. Sisemi kwamba Siemiradzki aliwachora wakulima wale kwa siri. Nasema kwamba Mpoland aliyesimama mbele ya ile milingoti hakuhitaji kufafanuliwa na mtu.

Picha ilitembea Ulaya, watu wakaipangia foleni. Mwaka 1878 ilipelekwa Paris kwenye Maonyesho ya Dunia, na mchoraji akatunukiwa medali ya dhahabu na nishani ya Ufaransa. Angeweza kuiuza kwa fedha nyingi. Hakuiuza. Oktoba 1879 mji wa Kraków, uliokuwa chini ya Austria na wenye nafasi kidogo ya kupumua, ulikuwa unaadhimisha miaka 50 ya uandishi wa Józef Ignacy Kraszewski, na Sukiennice ilikuwa imetoka kukarabatiwa. Katika sherehe hizo Siemiradzki akatangaza kwamba anautolea mji picha yake, iwe mwanzo wa mkusanyo wa taifa. Tarehe 7 ya mwezi huohuo baraza la mji likaamua kuanzisha Makumbusho ya Taifa. Wachoraji wengine nao wakaleta kazi zao. Hebu fikiri: taifa lisilo na nchi, lisilo na serikali wala jeshi, linajipatia nyumba ya kuweka kumbukumbu zake, na kitu cha kwanza kuingia humo ni picha ya watu wanaongoja kuchomwa.

Sasa niseme kilichonifanya nichague picha hii na si nyingine.

Tangu siku zake za kwanza ilipata lawama, na lawama yenyewe ni nzito. Wachambuzi walisema mchoraji ameweka nguvu zake mahali pasipostahili. Sehemu kubwa kabisa ya turubai, zaidi ya nusu, amewapa matajiri, walevi na marumaru, na wafiadini amewasukuma pembeni kulia, wachache, wamepanda juu, nyuso zao hazisomeki vizuri. Wakasema jiwe limepata rangi nzuri kuliko mtu anayekufa. Wapo waliokasirika kwa uchungu wa kweli, kwa sababu ya imani yao. Walitaka kuinua macho wakutane na sura ya mtakatifu, wakakutana na shanga za mwanamke wa mjini.

Siwezi kusema wamekosea wanachokiona. Ni kweli, ukisimama mbele ya picha ile uzuri wa upande wa kushoto unakunasa. Lakini mimi nashikilia kwamba hapo ndipo picha inaposema kweli, na inaisema kwa ujasiri ambao picha nyingi za kidini hazina. Mateso ya namna hii hayafanywi na mtawala na mnyongaji peke yao. Nero alihitaji bustani, lakini alihitaji zaidi watu wa kuijaza. Alihitaji mpiga ala akubali kupiga, mfuma mashada akubali kuvisha milingoti maua, mzee wa baraza akubali kuja na kuonekana amekuja. Ondoa umati ule, na kilichobaki ni mauaji ya kificho. Mauaji ya kificho hayawezi kumsafisha mtu aliyesingiziwa au aliyetuhumiwa kuchoma mji. Ni lazima watu waone, na wakishaona wakae kimya, ili ukimya wao uhesabiwe kuwa ni kukubali.

Siemiradzki ameuchora umati huo mtu mmoja mmoja. Hakumwaga rangi kuashiria kundi. Kila mtu ana wake mwili, ana mahali pa kutazama, na hapo ndipo ninapoona akili ya mchoraji huyu. Wengine macho yao yameelekea kwenye milingoti kwa udadisi. Wengine wanatazamana wao kwa wao, mazungumzo yao hayajakatika. Wengine wamezama katika starehe hata hawajui linaloendelea hatua chache kutoka walipo. Kinachonitisha ni hao wa mwisho. Anayetazama kwa chuki, angalau anajua kuna mtu pale juu.

Linganisha na picha nyingine maarufu ya zama zilezile, Sala ya Mwisho ya Wafiadini Wakristo, ya Mfaransa Jean-Léon Gérôme. Iko Baltimore, Marekani, katika makumbusho ya Walters. William Walters aliiagiza mwaka 1863, na Gérôme hakuikabidhi hadi mwaka 1883. Kule wafiadini wako uwanjani, wamekusanyika wamepiga magoti kumzunguka mzee anayeomba, na simba anatoka shimoni. Pembeni kuna misalaba, watu wengine juu yake wameshaanza kuungua. Inatisha, na imechorwa kwa ustadi usio na shaka. Lakini watazamaji wako mbali, wamepungua wakawa vidoa tu juu ya ngazi za uwanja. Hawana nyuso. Ukimaliza kuitazama unabaki na huruma kwa walio chini na hofu ya simba, na waliokata shauri kwenda kushangilia wanakuponyoka. Siemiradzki hakuwaponyosha.

Msikilizaji, huenda tangu nilipotaja watu walioviringishwa majani makavu umekuwa ukiwaza mahali pengine, palipo karibu nasi zaidi. Nami nimekuwa nikipawaza. Tarehe 3 Juni 1886, miaka 10 kamili baada ya picha ile kumalizwa, vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, waliviringishwa mikeka ya matete wakachomwa Namugongo, nje kidogo ya Kampala ya leo. Miongoni mwao walikuwa Wakatoliki na Waanglikana, pamoja. Karoli Lwanga, mmoja wao, alitengwa akachomwa peke yake, kwa moto wa polepole. Wakatoliki 22 waliouawa katika miaka ile walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964. Na kabla yao, miaka kama 10 nyuma, kwa hiyo karibu na mwaka uleule Siemiradzki alipokuwa akisubiri rangi zake zikauke, Kabaka Mutesa alikuwa ameamuru kuuawa kwa vijana Waislamu, na hesabu inayotajwa sana ni kama 70, nao wengi wao walichomwa hapohapo Namugongo. Walikataa kula nyama ya ikulu iliyochinjwa na asiye Mwislamu, na walikataa kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Ardhi ile ina wafu wa dini zote hizo, na ingefaa tuwataje pamoja mara nyingi kuliko tunavyofanya. Lugha hii ninayokusemesha nayo ilikuwepo: wengi wa wasomaji wa kwanza pale Buganda, wa Kurani na wa Injili, walipata mafunzo yao kwa msaada wa Kiswahili kilichopanda kutoka pwani.

Tofauti kubwa kati ya Namugongo na bustani ya Nero ni kwamba wa Namugongo tunawajua majina. Tunawajua kwa sababu waliokuwepo walisimulia. Vijana watatu waliachiwa dakika za mwisho, wakalazimika kuona wenzao wakichomwa. Mmoja wao, Denis Kamyuka, aliishi miaka mingi akaeleza aliyoyaona, na maelezo yake yakawa nguzo ya kesi ya watakatifu wale. Na yupo Mbaga Tuzinde, ambaye mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, alimhesabu kuwa mwanawe. Mukajanga alimsihi akane, hata kwa mdomo tu. Alikataa. Basi yule mzee akaagiza apigwe kwanza afe, ndipo mwili wake uwekwe motoni pamoja na wengine. Huruma ya ajabu, ya mtu aliyeshindwa kutupa kazi yake na akashindwa kuivumilia. Katika umati wa Siemiradzki namtafuta mtu kama Mukajanga, mtu ambaye uso wake umepasuka katikati, na sina hakika nimempata.

Siemiradzki mwenyewe alirudi kwa Nero akiwa mtu mzima. Mwaka 1897 alikamilisha picha nyingine kubwa, Dirce Mkristo, iliyoko katika Makumbusho ya Taifa ya Warsaw. Mwaka uliotangulia, Henryk Sienkiewicz alikuwa ametoa riwaya yake Quo Vadis, nayo ikawafanya watu wengi duniani wamjue Nero kuliko vitabu vya historia. Katika picha hiyo tamasha limekwisha. Mwanamke Mkristo amelala amekufa, uchi, juu ya fahali aliyefungwa naye, na fahali naye amekufa. Nero ameshuka uwanjani na wenzake wachache, amesimama hatua chache tu, anatazama. Watazamaji wengine wamerudishwa nyuma kabisa.

Wapo wanaosema hii ya pili ndiyo kubwa zaidi kwa hisia. Mwili uko mbele yako, mhalifu yuko mbele yako, hakuna marumaru ya kukupoteza. Naelewa wanachokisema. Hata hivyo, mtu akinipa nafasi ya kusimama mbele ya moja tu, nitachagua ile ya Kraków, pamoja na lawama zake zote. Dirce Mkristo inanipa mtu mmoja wa kumlaani, naye ana taji kichwani na alikufa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo kumlaani hakunigharimu chochote. Katika Mienge ya Nero kaisari ni mdogo, lazima umtafute kwenye machela yake. Walioijaza picha ni watu wa kawaida wa mji tajiri, waliooga, wakavaa vizuri, wakaja mapema kupata mahali pazuri pa kukaa.